Ringi mpya, silinda iliyochoka: Kinachoua pikipiki kongwe za Katavi

Pikipiki inayotoa moshi wa bluu haijifichi. Ikiondoka kijiweni Mpanda mjini, wanaobaki nyuma huziba pua, na mafundi waliokaa kivulini hutoa hukumu kabla haijakata kona: ringi zimekufa.

Mara nyingi hukumu hiyo ni sahihi. Kinachokosewa ni tiba. Mwenye chombo humwambia fundi, "Fundi, weka ringi tu, kesho nina safari ya Karema." Fundi, ambaye naye ana foleni ya kazi, hujibu, "Sawa mzee, jioni uipitie." Ringi mpya zinaingizwa kwenye silinda iliyochoka, pikipiki inawaka vizuri siku za mwanzo, kisha moshi unarudi ukiwa mzito kuliko ule wa kwanza. Lawama zinagawiwa: muuza spea kauza feki, fundi hajui kazi, mafuta yamechakachuliwa. Silinda, ambayo ndiyo mgonjwa, haitajwi.

Kwa pikipiki za sasa hasara hiyo inavumilika, kwa sababu bloku mpya na pistoni yake huuzwa pamoja kama seti. Kwa pikipiki za zamani ni msiba. Honda CG125 au XL125 iliyokuja nchini miongo mitatu au minne iliyopita, Yamaha DT125 ya bwana mifugo, AG100 iliyowahi kubeba dawa za chanjo, hizi zina bloku za kiwandani ambazo zikiharibiwa kwa haraka ya siku moja, kupata nyingine ya ubora uleule ni shughuli. Ndiyo maana kazi ya kubadilisha ringi inastahili kuelezwa kwa kituo, hatua kwa hatua, kwa mwenye chombo na kwa fundi pia.

Vyombo vya kazi, kabla ya bodaboda

Bodaboda ilipata kanuni zake rasmi za leseni ya usafirishaji mwaka 2010. Kabla ya hapo, magharibi mwa nchi, pikipiki ilikuwa kwanza chombo cha ofisi. Aliyeonekana juu yake alikuwa bwana shamba, bwana mifugo, mganga, padri au mtumishi wa ushirika wa tumbaku. Idara za serikali, misheni na miradi ya wafadhili ziliagiza pikipiki za Kijapani kwa sababu moja: barabara. Anayetoka Mpanda kwenda Karema kando ya Ziwa Tanganyika, au Mishamo, au Inyonga, au bonde la Mpimbwe, alihitaji kitu kinachopita kwenye tope la masika na kisichoziba pumzi kwenye vumbi la kiangazi. Katavi yenyewe haikuwa mkoa wakati huo. Ilikuwa sehemu ya Rukwa hadi mwaka 2012.

Pikipiki hizo zilipochoka ziliuzwa kwa mnada, zikaingia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara, zikarithiwa na watoto. Nyingine zimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu ya siti. Nyingine bado zinatembea.

Honda CG125 ina hadithi ya peke yake. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakiwa na lengo la kuwauzia watu wa nchi zenye barabara mbovu na matunzo haba. Wahandisi wao waliachana na mnyororo wa kamshafti ulio juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa fimbo zinazosukuma valvu kutoka chini. Injini ikawa na vitu vichache vya kulegea, na hedi ikawa rahisi kuifungua porini. Nchini Brazili ndiyo pikipiki iliyofungua kiwanda cha Honda cha Manaus mwaka 1976. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na nakala zake, nyingine zikiwa zimepanuliwa hadi cc 150, ndizo zilizojaza miji yetu zikiwa na majina mengi tofauti ubavuni. Kijana wa Makanyagio mjini Mpanda anayeendesha pikipiki ya Kichina yenye fimbo za valvu anaendesha mjukuu wa CG125, awe anajua au hajui. Fundi anayejua kuifunga vizuri injini ya babu, ya mjukuu haitamshinda.

Ringi ilifika Mpanda kwa reli

Ringi ya pistoni ni kongwe kuliko pikipiki. Mwingereza John Ramsbottom, mhandisi wa reli, ndiye aliyeibuni ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja mwaka 1852. Kabla yake pistoni za injini za mvuke zilizungushiwa nyuzi zilizolowekwa mafuta ya wanyama, ambazo ziliungua na kulazimika kubadilishwa mara kwa mara. Ramsbottom aliona kwamba chuma chenye mkato kinaweza kubanwa kikaingia kwenye silinda, kisha kikajitanua chenyewe na kuukandamiza ukuta. Wazo hilo halijabadilika hadi leo.

Mpanda iliipokea teknolojia hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika mjini mwaka 1950 ili kuhudumia mgodi wa madini ya risasi uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki. Magarimoshi ya mvuke yaliyovuta mabehewa ya madini yalikuwa na pistoni zenye ringi, na mafundi wa reli wa zama hizo walizipima kabla ya kuzifunga. Kupima si jambo geni katika mji huu.

Ringi inafanya nini hasa

Pistoni haigusi silinda kila upande. Lazima iwe na nafasi kidogo ili itanuke kwa joto. Nafasi hiyo ndiyo ringi inayoiziba. Kwenye injini ya mapigo manne kama CG125 kuna ringi tatu. Ya juu inazuia moto na mgandamizo usishuke chini. Ya pili inasaidia kuzuia mgandamizo na kukwangua oili kwenye ukuta. Ya tatu, ambayo kwa kawaida ni vipande vitatu, yaani bati mbili nyembamba na chemchemi yenye mikunjo katikati yake, inairudisha oili kwenye kreki ili isipande juu ikaungua. Oili ikipanda ndipo ule moshi wa bluu unapotoka.

Wengi hudhani ringi inaziba kwa nguvu ya chemchemi yake tu. Nguvu hiyo ni ya kuanzia. Injini inapowaka, gesi ya mlipuko hupenya juu ya ringi, ikaingia nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, ikaisukuma nje dhidi ya ukuta. Mlipuko wenyewe ndio unaobana ringi. Kwa hiyo mfereji ukijaa masizi magumu, ringi inaganda, gesi haifiki nyuma yake, na pikipiki inakosa nguvu hata kama ringi haijalika.

Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na inapanda na kushuka milimita 49.5. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ringi inasugua ukuta wa silinda karibu kilomita 36 katika saa moja. Ni takribani umbali wa kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, chuma juu ya chuma, vikitenganishwa na utando wa oili tu.

Vumbi ndilo adui

Kati ya Mei na Oktoba mvua hukatika Katavi na barabara za udongo husagika kuwa unga. Ndani ya unga huo kuna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ea klina ikichanika, au ikiwa imetolewa ili "pikipiki ipumue", chembe hizo huingia na hewa, zikanasa kwenye oili ya ukutani, na ringi inazisaga pale juu na chini kama msasa.

Silinda hailiki sawasawa. Sehemu inayolika zaidi ni ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka kuanza kushuka. Hapo moto ni mkali zaidi, shinikizo ni kubwa zaidi na oili ni kidogo zaidi. Juu kabisa, mahali ambapo ringi haifiki, ukuta unabaki kama ulivyotoka kiwandani. Hivyo hujengeka ukingo mdogo unaoweza kuusikia kwa ukucha. Silinda inalika pia kwa mbele na nyuma kuliko ubavuni, kwa sababu konrodi inapoinama huisukuma pistoni upande. Tundu lililokuwa duara linakuwa yai.

Hapo ndipo "weka ringi tu" inapoleta balaa. Ringi ya zamani ilikuwa imelika kingo pamoja na silinda yake, zikazoeana. Ringi mpya ina kingo kali na imesimama juu kidogo. Ikifika kileleni inagonga ule ukingo, inavunjika, na vipande vyake vinaikwangua silinda iliyokuwa bado inafaa kuchongwa. Na hata isipovunjika, ringi ni duara na silinda ni yai. Mwanga unapita kati yao, na oili inapita panapopita mwanga.

Pima kabla ya kufungua

Moshi wa bluu hautoki kwenye ringi peke yake. Kabla ya kufumua injini, angalia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka unapovuta mafuta na kupanda kilima, ringi na silinda ndizo za kushukiwa. Ukitoka kwa mkupuo asubuhi unapowasha, au unapovuta mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu ukiwa umeyaachia, kagua kwanza sili na gaidi za valvu kwenye hedi.

Kisha piga kiki polepole, mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho na swichi ikiwa imezimwa. Kiki ikishuka laini kama ya baiskeli, mgandamizo umekimbia. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, rudisha plagi, piga kiki tena. Oili itaziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na ukuta. Mgandamizo ukiongezeka, ubovu uko kwenye ringi au silinda. Usipobadilika, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Mwenye geji ya mgandamizo atapata namba. Asiye nayo atapata jibu hilohilo kwa mguu wake. Jaribio hili linaweza kumwokoa mtu gharama ya kushusha injini bure.

Ringi yenyewe ni kipimo

Bloku ikishatoka na kusafishwa, kazi inayoamua kila kitu ni kupima. Karakana kubwa hutumia geji ya ndani ya silinda: hupima juu, katikati na chini, na kila mahali hupima mara mbili, mbele kwa nyuma na kulia kwa kushoto. Silinda ya kawaida ya CG125 ni milimita 56.5. Ikishatanuka kwa kiasi cha 0.1 ya milimita, haifai tena kuwekewa ringi za saizi ileile.

Karakana nyingi ndogo hazina geji hiyo. Hata hivyo kipimo kinapatikana, kwa kutumia ringi mpya na filla geji, ile seti ya bati nyembamba inayotumika kuweka nafasi ya valvu. Chukua ringi ya juu, ibane kwa vidole, itumbukize ndani ya bloku tupu. Isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, isiinamie upande. Ipeleke kwanza chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki wakati wa kazi. Ingiza bati za geji moja baada ya nyingine kwenye mwanya uliopo kati ya ncha mbili za ringi hadi upate ile inayopita kwa kukwaruza kidogo. Tuseme umepata 0.25 ya milimita.

Sasa ivute juu, kama sentimita moja kutoka ukingoni, pima tena. Tuseme umepata 0.60. Tofauti ni 0.35. Igawe kwa 3.14, kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Jibu ni 0.11. Silinda yako imetanuka milimita 0.11 kwa juu, na hapo hakuna mjadala: inatakiwa kuchongwa. Ringi moja na hesabu ya darasa la saba vimekupa jibu ambalo jicho la fundi mzoefu lisingelipata.

Mwanya huo wenyewe una maana. Kwa injini za ukubwa huu, mwanya mzuri wa ringi mpya za juu huwa kati ya 0.15 na 0.35 ya milimita. Baadhi ya wateja wakiuona hulalamika kwamba ringi ni fupi. Si fupi. Ringi yenye mzingo wa milimita 177 ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, hurefuka karibu 0.2 ya milimita. Isipokuwa na mwanya, ncha zake zitakutana, itajikaza ukutani, itaukwangua na hatimaye kukatika. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hupigwa tupa laini kidogo kidogo, kwa mwelekeo mmoja wa kutoka nje kuingia ndani, huku ukipima kila mara.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji chombo chochote. Ringi ikiwa ndani ya bloku, elekeza bloku kwenye jua na uchungulie ukingo wa ringi kote. Ukiona uzi wa mwanga mahali popote zaidi ya kwenye mwanya, ama silinda ni yai ama ringi si duara. Ringi nyingi za bei ya kutupa hukamatwa hapa. Muuzaji anayejiamini hatakataa uijaribu kabla ya kulipa.

Kuchonga na kusugua

Silinda iliyozidi kipimo hupelekwa kwenye mashine ya kuchonga. Pistoni za saizi zilizopanda hutengenezwa kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita, na namba hiyo hupigwa muhuri kichwani. Nunua pistoni kwanza, kisha mchongaji achonge kwa kuifuata pistoni uliyoishika mkononi. Kuchonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye ni kucheza bahati nasibu. Hatua ya mwisho ya 1.00 inaipandisha CG125 kutoka cc 124 hadi 128 hivi. Baada ya hapo bloku huvishwa slivu mpya, ikarudi saizi ya kwanza. Bloku moja ya zamani, ikitunzwa, inaweza kuvuka vizazi viwili vya wenye chombo.

Silinda ambayo haijazidi kipimo haichongwi, lakini nayo haiachwi iking'aa kama kioo. Ukuta unaong'aa haushiki oili, na ringi mpya hazipati mahali pa kujisugua ili zikae. Husuguliwa kwa mawe maalumu, au kwa msasa laini uliolowa oili, kwa mwendo wa kuzungusha huku mkono ukipanda na kushuka, ili ibaki mikwaruzo midogo inayopishana.

Halafu inaoshwa. Wengi huosha kwa petroli na kuridhika. Petroli hutoa mafuta, lakini huacha unga wa msasa ndani ya ile mikwaruzo. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, osha hadi kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke cheupe. Kausha na upake oili papo hapo, maana chuma kilichooshwa hivyo hushika kutu haraka. Fundi anayeruka hatua hii amemrudishia mteja vumbi la Katavi ndani ya injini kwa mikono yake mwenyewe.

Kufunga kwa utulivu

Mifereji ya pistoni inayorudi kazini husafishwa masizi kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, ambacho kinaingia kwenye mfereji barabara. Kwangua masizi, uiache aluminiamu. Ringi ikizungushwa ndani ya mfereji iteleze bila kukwama na bila kucheza ovyo.

Ringi ya oili hutangulia: chemchemi kwanza, ncha zake zikigusana bila kupandana, kisha bati mbili. Inafuata ya pili, halafu ya juu. Ringi hizi mbili zina alama ndogo upande mmoja, iwe herufi au namba ya saizi, na alama hiyo hutazama juu. Usidharau alama hiyo. Ringi ya pili ina umbo la kukwangua oili kuipeleka chini. Ukiigeuza itaipandisha juu, na pikipiki itafuka moshi siku ileile ya kwanza huku kila kitu ndani kikiwa kipya. Mianya ya ringi hupishanishwa, kila mmoja ukiwa theluthi ya duara kutoka kwa mwenzake, ili gesi isipate njia iliyonyooka ya kushuka.

Pistoni ya Honda yenye herufi IN hufungwa herufi hizo zikielekea upande wa kabureta. Kabla ya kuweka klipu za pini, ziba mdomo wa kreki kwa kitambaa safi. Klipu iliyoruka na kutumbukia ndani hugeuza kazi ya mchana mmoja kuwa ya kushusha injini nzima. Klipu huwa mpya kila mara. Gasketi nayo huwa mpya, na bolti za hedi hukazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha injini.

DT125 na AG100: mapigo mawili, sheria zake

Yamaha hizi mbili ni za mapigo mawili. Hazina valvu kwenye hedi wala ringi ya oili; oili huungua pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kiasi ni wa kawaida na hauwezi kutumika kuihukumu ringi. Dalili zake ni kiki laini, kuwaka kwa shida na kukosa nguvu.

Ukuta wa silinda yake una madirisha ya kuingizia mafuta na kutolea moshi. Ncha ya ringi ikikutana na dirisha itachomoka na kukatika, kwa hiyo kila mfereji una pini ndogo inayozuia ringi isizunguke. Ncha za ringi lazima ziikumbatie pini hiyo, moja kila upande, unapoteremsha bloku. Ukisikia ugumu, simama uangalie. Ringi iliyopanda juu ya pini huvunjika kwa msukumo mdogo. Mshale wa pistoni huelekea ekzosi, na kingo za madirisha hulainishwa baada ya kuchonga.

Pikipiki hizi zilitoka kiwandani na pampu ya oili inayojitegemea. Nyingi zimeng'olewa pampu na mwenye chombo huchanganya oili kwenye tangi kwa kukisia. Aliyebadilisha ringi leo na kuendelea kukisia kesho atarudi kwa fundi. Tumia chupa yenye vipimo na oili ya mapigo mawili, kwa uwiano ulioelekezwa kwa injini hiyo.

Siku za kwanza barabarani

Ringi mpya hukaa vizuri kwa kufanya kazi, na kilomita za kwanza ndizo zenye uzito. Usiiache injini ikiunguruma mahali pamoja kwa nusu saa ukidhani unaizoesha, kwa kuwa bila mzigo gesi haizisukumi ringi ukutani kwa nguvu ya kutosha na ukuta unaanza kung'aa. Endesha, badilisha mwendo, vuta na uachie, bila kubeba gunia la mchele wa Mpimbwe wala kupanda mwinuko wa Mlele na abiria wawili. Kwenye injini ya mapigo manne, mwaga oili ya kwanza mapema, maana inabeba unga wa chuma uliotokana na ringi na ukuta kuzoeana. Kuwa mpole nayo kwa kilomita 500 hivi.

Na ea klina isiyochanika irudi mahali pake. Bila hiyo kila kilichoelezwa hapa ni kazi ya kiangazi kimoja.

Wito

Pikipiki hizi kongwe ni mali ya watu wa Katavi. Zilifungua njia wakati barabara ya lami ilikuwa ndoto, na nyingi zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa gharama ndogo kuliko bei ya pikipiki mpya. Kinachozimaliza kwa kiasi kikubwa ni haraka: ya mwenye chombo anayetaka kusafiri kesho, na ya fundi anayeogopa kumpoteza mteja akimwambia ukweli.

VETA, yenye vyuo vya ufundi stadi, na SIDO, inayohudumia viwanda vidogo, zina nafasi ya kusaidia hapa. Kozi fupi ya kupima silinda kwa mafundi walio mtaani tayari, pamoja na geji ya silinda na mashine ya kuchonga ambazo vikundi vya mafundi vinaweza kuzitumia kwa zamu, vingeokoa bloku nyingi kuliko shehena ya ringi mpya. Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi vya vijana zina sababu ya kuvifikiria vifaa hivyo, maana kila kata ina bodaboda na kila bodaboda ina ringi.

Kwako msomaji mwenye pikipiki ya baba au ya babu: utakapoipeleka kwa fundi, usianze kwa kuuliza bei ya ringi. Muulize silinda inasoma ngapi juu na ngapi chini. Akikupa namba mbili, mwachie kazi. Akikosa jibu, omba apime mbele yako kabla hajafungua pakiti ya ringi, na umlipe muda wa kupima.